Shada kwenye Msumari

Tulipokuwa tukifunga bucha ya baba, wiki moja baada ya arobaini yake, mimi niliachiwa kazi ya ukutani. Kaka zangu walibeba vitu vya maana: mizani, ndoano, gogo la kukatia nyama, na friji lililokuwa likinguruma tangu sijazaliwa. Mimi nikabaki na kalenda za miaka iliyopita, picha ya Kaaba iliyopauka, na nyuma ya mlango, kwenye msumari wa inchi nne, shada la karatasi za kumetameta ambalo zamani lilikuwa jekundu na fedha. Nililishusha nikalinusa kabla hata ya kufikiri. Lilinuka mafuta ya ng'ombe, sabuni ya kipande na moshi, yaani lilinuka baba. Nikakaa kwenye kreti tupu la soda, na badala ya kulia kama nilivyokuwa nimejiandaa, nikacheka peke yangu.

Ninyi mliosoma shule za msingi za huku Embu wakati wangu mnalijua shada la aina hiyo. Ni lile tulilovishwa shingoni siku ya zawadi, likikuwasha kwenye kola mpaka jioni, na ole wake atakayeling'oa hata uzi mmoja. Mwaka ninaoukumbuka mimi shule yetu, iliyo chini kidogo ya mtaa wa Dallas, ilipandwa na wazimu wa kushinda. Wasichana wa mpira wa mikono waliwafunga watu mpaka tukawahurumia. Kitalu chetu cha miche kilisifiwa na maafisa waliokuja na gari lenye redio ya kuzungumzia. Darasa la nane walipita vizuri hivi kwamba mlinzi wa lango, mzee aliyetafuna majani ya muguka kutwa nzima na hakuwa na mtoto pale, alianza kusema “matokeo yetu”. Na sisi wa shairi la pamoja tulighani kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, tukipanda ngazi ya mashindano, hadi tukafika ya taifa. Mimi nilikuwa sauti ya kwanza. Nilitoka mbele peke yangu, nikainua mkono, nikatamka mstari wa kwanza, kisha wenzangu thelathini wakanijibu kwa kishindo. Mpaka leo nikisikia watu wengi wakitamka neno moja kwa pamoja, nywele zinanisimama.

Nilichaguliwa kwa sababu Kiswahili kilikuwa cha nyumbani kwetu. Wenzangu wengi walizungumza Kiembu au Kimbeere nyumbani, Kiswahili wakakutana nacho darasani. Sisi watoto wa Kiislamu wa mjini, ambao babu zetu walitoka huku na huko, tulizaliwa nacho. Tulikuwa tisa tu shule nzima, na mwaka mzima hakuna aliyetuhesabu, ila siku moja: siku ya zawadi, wakati wa kula. Fahali alikuwa akichinjwa na yeyote mwenye kisu, kwa hiyo sisi tisa tulikalishwa kwenye baraza ya darasa la pili, tukapewa mkate, yai la kuchemsha na soda. Walifanya hivyo kwa heshima kabisa, na soda zetu zilikuwa baridi kuliko za wengine. Lakini kula yai huku shule nzima inalamba vidole ni jambo nisilomtakia mtoto yeyote. Harufu ya nyama ilitufuata palepale barazani.

Basi mwaka huo wa ushindi mwalimu mkuu, Madam Karimi, alikuja mwenyewe buchani kwa baba. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watoto kutoka ng'ambo ya mto. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikifanya hesabu za kazi ya nyumbani.

“Baba Hadija,” akasema, “mwaka huu watoto wangu wote wanakula sufuria moja. Hakuna mambo ya mayai. Wewe ndio utatuchinjia.”

Baba alifuta kisu pande zote mbili, akakiweka chini. “Mwalimu, nitakuja. Nitakuja hapo jikoni. Lakini kwingine usiniite.”

Maneno hayo yalinichoma. Baba hakuwa amewahi kuvuka lango la shule yetu. Nikisahau sweta, aliileta akampa mlinzi kupitia vyuma. Mikutano ya wazazi alikwenda mama. Hata siku yangu ya kwanza alinisindikiza hadi langoni, akanigusa bega, akageuka haraka. Nilishaamua zamani kwamba baba haipendi shule yangu, na kwa akili zangu za miaka kumi na moja, asiyeipenda shule yangu hakunipenda mimi. Sasa alikuwa tayari kuingia, ila kwa ajili ya ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe aliletwa Jumatatu kutoka Kianjokoma, nyuma ya pikapu, zawadi ya wazazi wenye mashamba ya majani chai. Alifungwa kando ya uwanja wa mpira wa mikono. Alikuwa mweusi, na kwenye bega alikuwa na alama nyeupe kama cheo cha askari, kwa hiyo kufikia mapumziko ya saa nne alikuwa na jina: Meja. Watoto walimletea majani ya nepia kutoka nyumbani. Wa darasa la kwanza walimpigia saluti. Mimi nilimtazama kwa mbali, kwani nilijua atakayemchinja analala chumba cha pili kutoka changu. Siku tatu nzima nilisubiri watoto wajue na wanichukie.

Alhamisi rafiki yangu Wawira alinivuta kando ya tangi la maji. “Hadi, ni ukweli babako ndio atachinja Meja?”

“Ndiyo,” nikasema.

“Basi mwambie aniwekee mbavu. Ile ya mwisho, iko na mafuta.”

Kisha akapiga saluti kuelekea uwanjani, kwa mapenzi ya kweli. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu wa Embu anaweza kumpenda ng'ombe kwa njia mbili siku moja.

Kwa hiyo Meja hakunisumbua tena. Lililonisumbua ni kupanda jukwaani. Kwetu, kama mnavyojua, mtoto hapandi kuchukua zawadi peke yake. Jina likiitwa, mama na baba na shangazi wanatoka hemani wakicheza, wanamzunguka mtoto wao, wanamsindikiza hadi mezani kwa vigelegele, ndiko kumtoa mtoto. Mama yangu alikuwa mji wa Maua, kwa bibi, amejifungua mdogo wangu, na siku zake arobaini zilikuwa hazijaisha. Alinipigia simu kupitia kwa jirani. “Mwambie babako akutoe,” akasema. “Usipande peke yako mwanangu, watafikiri umeokotwa.” Tena Wawira, ambaye alijua sheria zote hata zisizokuwepo, aliniambia kwamba zawadi ya mtoto asiye na mzazi hufungiwa ofisini mpaka mzazi aje kuichukua. Nilijua zawadi yangu ni chupa ya chai, kubwa, yenye maua. Nikaiona ikizeeka ofisini hadi niolewe.

Ijumaa jioni nilimkuta baba nyuma ya nyumba akinoa visu.

“Baba, kesho utanitoa?”

“Nitakuwa jikoni.”

“Lakini wakiita jina langu, si unaweza kutoka kidogo tu—”

“Hadija,” akasema bila kuinua macho. “Nitakuwa jikoni.”

Jumamosi alfajiri tuliondoka pamoja. Alifungasha mifuko miwili, mmoja wa visu na koti jeupe, mwingine sikujua una nini, ila nilikuwa nimemwona akipaka rangi viatu vyake vya Ijumaa. Nikadhani atapitia msikitini baadaye. Ukungu ulikuwa bado umelalia mashamba ya kahawa. Tulipofika pale njia inapogawanyika, ya kulia ikienda langoni na ya kushoto ikizunguka hadi mlango wa nyuma wa jikoni, alisimama.

“Wewe pita mbele,” akasema. “Mimi napita nyuma.”

Nilipita mbele nikiwa na hasira ya kutosha kuchemsha chai ya walimu wote.

Yaliyotokea jikoni niliyapata kwa Wawira, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya rundo la kuni. Baba alimlaza Meja kuelekea kibla, akasema bismillahi, na kabla watu hawajajipanga kutazama kazi ilikuwa imeisha. Taabu ilianza pale Njeru, baba yake Wawira, mwenyekiti wa kamati ya nyama, alipotokea na beseni kukinga damu. Mnaijua mutura. Hakuna sherehe ya huku kwetu isiyo na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu na kuchomwa mpaka ukapasuka. Njeru alisifika nayo tangu Dallas hadi stendi.

“Alhaji, hebu sogea nikinge,” akasema. Walimwita baba Alhaji, naye Maka alikuwa hajawahi kwenda ila kwa picha ya ukutani.

“Damu hapana,” baba akasema.

“Hapana aje? Sasa mutura bila damu ni nini?”

“Ukiweka damu, wale watoto tisa wanarudi kwa mayai. Hizi makaa ni moja, kisu ni moja, mikono ni moja.”

“Alhaji, wazee watanicheka hadi nihame.”

Wawira anasema baba alifikiri kidogo, kisha akavua saa. “Leta huo utumbo. Leta vitunguu, dania, pilipili, na ile nyama ya shingo. Nitakukatia ndogo ndogo. Ikikosa kuliwa, mimi ndio nitahama.”

Kwa hiyo wakasimama wawili hao, bega kwa bega, wakijaza mutura isiyo na damu, Njeru akilalamika kwa kila inchi ya utumbo. Hili nalo nililisikia baadaye. Mimi wakati huo nilikuwa nimesimama kwenye mstari na shada shingoni, nikinusa vitunguu na kumkasirikia mtu aliyekuwa hatua mia moja kutoka nilipo.

Saa nne uwanja ulikuwa umejaa. Mahema mawili, vipaza sauti vilivyokoroma, akina mama na vitenge vya sare, wazee na kofia zao. Madam Karimi alisoma mambo ya mwaka mmoja baada ya jingine, na kwa kila moja uwanja ulinguruma. Miche! Tukashangilia. Mpira wa mikono! Wasichana wakakimbia kuzunguka uwanja mzima bila kuambiwa. Matokeo! Mlinzi wa lango akarusha kofia yake juu na ikakwama kwenye hema. Sisi tulighani shairi letu kwa mara ya mwisho, na nilipoinua mkono na kutamka mstari wa kwanza nilisahau kila kitu, nikawa sauti tu. Wenzangu walipojibu, ardhi ilitetemeka chini ya soksi zangu. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, na nimeolewa, na nimezaa.

Halafu zikaanza zawadi. Wawira aliitwa kwa ajili ya mpira, akatolewa na mama yake, bibi zake wawili na kanisa zima. Mvulana wa kitalu alitolewa na baba yake akiwa amembeba mabegani. Kila jina lililoitwa lilinisogeza mbele.

“Sauti ya kwanza ya shairi letu,” Madam Karimi akaita, “Hadija!”

Vigelegele vilianza, kisha vikaanza kupungua, kwa sababu watu waligeuza shingo kutafuta nani anatoka. Nilipiga hatua tatu peke yangu. Uwanja ule, ambao wiki nzima niliuona mdogo, ulikuwa mkubwa ajabu.

“Na mzazi wake?” Madam Karimi akauliza kwenye kipaza sauti.

Kutoka nyuma ya jikoni sauti ya Njeru ikajibu, “Ako huku, anakata maini!”

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilisikia kama kuna kusukumana, na Njeru akisema, “Alhaji, toka. Nyama haitatoroka.” Kisha baba akajitokeza kwenye pembe ya jiko, koti jeupe limetapakaa damu, gambuti miguuni, mikono ameiweka nyuma kama mwanafunzi aliyekosa. Akaja hadi pale mawe yaliyopakwa chokaa yalipotenga ua wa jikoni na uwanja. Hapo akasimama. Alisimama vilevile alivyokuwa akisimama langoni.

Na mimi, badala ya kwenda jukwaani, nikageuka nikamkimbilia.

“Baba, njoo.”

“Siwezi mama,” akasema kwa sauti ya chini. Aliniita mama alipokuwa anaumwa au ameguswa. “Tazama, nina damu. Hapa ni pa walimu.”

Nilimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona kwamba baba yangu, ambaye fahali walimtii, alikuwa anaogopa. Sikuelewa anaogopa nini. Lakini niliona wazi kwamba si chuki, na hilo lilinitosha.

“Hiyo damu ni ya Meja,” nikamwambia. “Kila mtu anamjua.”

Akatoa kicheko kifupi cha puani. Nikamshika mkono uliokuwa na utelezi wa mafuta, nikavuta, na gambuti moja ikavuka yale mawe, kisha ya pili. Uwanja ukapasuka kwa vigelegele. Baba hakucheza, hajui kucheza, lakini mama Wawira na wenzake walitoka wakacheza kwa niaba yake, na Njeru akaja nyuma akirukaruka na upanga wa kukatia mifupa. Mimi sijui kama nilikanyaga ardhi.

Mezani nilipewa chupa yangu ya maua. Kisha Madam Karimi akamkabidhi baba kipaza sauti, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Baba alikishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani.

“Mimi,” akaanza, na kipaza sauti kikakoroma. “Mimi shule niliwacha darasa la tatu. Baba alifariki, mjomba akanichukua bucha Maua. Sijawahi kurudi shule tena mpaka leo.” Akageuka kutazama jikoni. Uwanja mzima ukageuka naye. “Nyama iko tayari,” akamaliza.

Sijasikia hotuba iliyoshangiliwa kuliko hiyo. Katikati ya kelele Madam Karimi alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alinivua shada shingoni, akamvisha baba juu ya koti lenye damu. “Hili ni la kwako,” akamwambia. “Mwaka huu shule imeshinda mengi, lakini kubwa ni hii sufuria moja.”

Nawaambia ukweli wa moyo wangu wa siku ile: nilikasirika. Lilikuwa shada langu.

Tulikula wote. Mimi nilikaa kwenye nyasi kati ya Wawira na mvulana wa kitalu, nikala nyama mpaka nikaona haya, na hakuna aliyetuhesabu sisi tisa. Mutura ilizungushwa kwenye sinia. Wazee waliikata kwa mashaka, wakaitafuna, wakatazamana, na mmoja akamwuliza Njeru ni dawa gani ametia humo. “Ni siri,” Njeru akajibu, na kifua mbele. Wawira alipata ubavu wake. Baba alikata na kugawa mchana kutwa akiwa na shada shingoni, likijichovya kwenye mchuzi kila alipoinama. Nilipokwenda jikoni kuomba maji niliviona chini ya meza, ndani ya ule mfuko wa pili: viatu vya Ijumaa, vinang'aa, havijavaliwa, na juu yake shati lililopigwa pasi. Nilivitazama kidogo, nikanywa maji, nikarudi kucheza. Mtoto ana mambo mengi.

Jioni tulitoka kupitia lango la mbele. Mlinzi alimpigia baba saluti kama alivyopigiwa Meja. Tulipita Dallas yote na shada lile, baba akisalimiwa kila kibanda, mimi nikibeba chupa yangu na kinyongo changu. Buchani alilivua ili atawadhe, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

“Baba, nirudishie shada langu.”

“Wewe utapewa mengine mengi,” akasema.

Nami kweli nilipewa mengine mengi, nayo sijui yako wapi. Lile lilibaki pale. Wateja waliuliza kila mara, nyama ikipimwa: Alhaji, hiyo maua ni ya nini? Naye alijibu vilevile miaka yote, bila kuinua macho kwenye mizani, “Nilipewa shule.” Nikiwa msichana mkubwa, tena niliyejiona nimesoma, niliwahi kumsahihisha mbele ya watu. Nikasema, si yako baba, ni yangu, mimi ndiye niliyeshinda. Baba alitabasamu akaendelea kufunga nyama. Mara iliyofuata mteja alipouliza, alinitazama kwanza, kisha akajibu kwa sauti ya chini zaidi. Naijutia siku hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kumwambia.

Nilikuwa bado kwenye kreti la soda, shada mapajani, mpangaji mpya alipoingia kupima dirisha. Ni kijana anayetaka kufungua duka la simu. Alitazama msumari mtupu, akatazama mikono yangu.

“Hiyo ni ya nani, dada?” akauliza. “Ni ya kutupa?”

“Ya baba,” nikamwambia. “Alipewa shule.”